Si sumu, ni donge la manyoya

Jioni moja ya mwezi wa Aprili, mvua ya mawe ikiwa imetoka kunyesha kama ilivyo desturi yake huku kwetu, nilisikia kelele nje ya nyumba ninayoipanga katika kitongoji kimoja kilichopakana na mashamba ya chai, baina ya Kericho na Litein. Nilipotoka nilimkuta jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, amesimama uani mikono kiunoni. Mbele yake alikuwapo mzee mstaafu anayeishi nyumba ya pili, mikono ameifumbata nyuma kama mshtakiwa. Baina yao, juu ya nyasi zilizolowa, paka wa mwalimu alikuwa ameinama, shingo ameinyosha mbele, mbavu zikipanda na kushuka, akijikokomoa kwa sauti ya kukwaruza inayomfanya hata mtu mzima kusisimkwa na mwili.

"Mzee, umempa nini paka wangu?"

"Mwalimu, mimi nimpe paka wako nini? Hata kuku wangu wanakula makapi."

"Wiki jana ulisema siku moja nitamkosa."

Mzee hakujibu. Ni kweli alikuwa amesema hivyo, baada ya paka huyo kumnyakua kifaranga wake wa tatu.

Msomaji asiyeijua nchi hii ya chai huenda akacheka. Sisi tulio hapa hatukucheka. Mzee huyo si mzaliwa wa Kericho. Alikuja akiwa kijana kuchuma majani, akazeekea katika kazi hiyo, na alipostaafu hakurudi kwao. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wengi wa mashamba ya chai waliotoka katika jamii nyingine walihama makwao wakiwa na vifurushi kichwani, na si wote waliorudi. Mahali penye kumbukumbu ya namna hiyo, neno "sumu" halitamkwi baina ya majirani likaisha hivi hivi. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Kijana mmoja wa bodaboda alizima pikipiki yake ili asikie vizuri.

Ndipo paka alipokitoa. Kilikuwa kitu cha rangi ya kijivu, kirefu kama kidole cha shahada, kimefunikwa na ute. Mtoto mmoja alipiga yowe kwamba ni nyoka. Mwingine, aliyejiona msomi zaidi, alisema ni mnyoo. Yule wa bodaboda alisema kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni dawa ya mganga. Niliokota kijiti, nikakifumua kitu kile mbele ya hadhara. Ndani hamkuwa na kitu ila manyoya: manyoya ya paka yule yule, meupe na meusi, yamesokotana kama sufi ya mto uliochakaa. Paka mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka, anatafuta ugali wake.

Kilichonishtua mimi, mtu ninayekula kwa kazi ya kuchunguza lugha, ni kwamba uwanja mzima haukuwa na jina la kitu kile. Palikuwa na wasemaji wa Kikipsigis, wa Kiswahili, wa Kiingereza, na mzee mwenye lugha yake ya nne. Na katika lugha zote hizo tulizokuwa nazo pale, neno lililofika kwanza kinywani lilikuwa sumu, kisha nyoka, kisha mnyoo, kisha uganga. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba kitu kisicho na jina hakikosi jina kwa muda mrefu. Hupewa jina la kile tunachokiogopa.

Basi nianze na jina. Ninapendekeza tukiite donge la manyoya. Najua wapo watakaotaka mpira wa manyoya kwa kuwafuata Waingereza, lakini kitoka kinywani mwa paka si mpira. Kimepita katika umio mwembamba, kikabanwa kikawa na umbo la soseji. Nywele nazo ni za binadamu. Za mnyama, kama za ndege, ni manyoya. Na neno donge tunalo tayari: tuna donge la damu, tuna donge la unga usiokorogwa vizuri, na tuna lile donge la kinyongo ambalo mtu hukaa nalo rohoni miaka. Tonge humezwa kwa hiari, donge hukwama. Sioni kwa nini tutafute mbali.

Madaktari wa Ulaya walitafuta mbali sana. Donge la namna hii, liwe la paka, la ndama au la binadamu anayekula nywele zake, wao huliita trikobezoa. Nusu ya kwanza ni Kigiriki, yenye maana ya unywele. Nusu ya pili ilitoka kwa Waajemi, ikapitia Kiarabu, na asili yake ni padzahr, yaani kinga ya sumu. Zahr kwa Kiajemi ni sumu. Kwa karne nyingi mawe yaliyotolewa matumboni mwa mbuzi wa milimani yaliuzwa kwa bei ya vito, na wafalme waliyatia katika vikombe vyao kwa kuogopa kulishwa sumu na jamaa zao. Katika karne ya 16 mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré aliijaribu imani hiyo kwa mpishi aliyehukumiwa kifo kwa kuiba vyombo vya fedha. Mpishi alinyweshwa sumu, akapewa na bezoa juu yake, akafa kwa maumivu makali. Itazame kejeli hii: kile ambacho Waajemi walikiita kinga ya sumu, sisi baina ya Kericho na Litein tulikuwa karibu kukiita sumu yenyewe.

Donge hutokea vipi? Ulimi wa paka umejaa vijimiba vigumu vya keratini, kitu kile kile cha kucha zetu, vilivyopinda kuelekea kooni. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Marekani, Alexis Noel na David Hu, walionyesha kwamba ncha za vijimiba hivyo zina uwazi kama kijiko, na kwa uwazi huo paka hufikisha mate hadi kwenye ngozi yake. Ni chombo cha ajabu cha usafi. Kasoro yake ni moja: unyoya ukishanaswa hauna pa kwenda ila ndani, kwa kuwa miiba imeelekea huko. Keratini haimeng'enywi. Manyoya mengi hupita utumboni yakatoka na kinyesi, bila mwenye paka kujua lolote. Machache yanayobaki tumboni husokotana, na siku moja paka hujikokomoa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na ni nyepesi hata naona haya kuiandika chini ya jina lenye udaktari. Unyoya uliotoka kwa kitana hauingii tumboni. Mchane paka wako mara kwa mara, na sehemu kubwa ya donge haitaumbika.

Kitenzi chenyewe kina mtego. Nilipomwambia mwanafunzi wangu mmoja kwamba Jumamosi humchana paka, alinitazama kwa hofu, kwa kuwa kuchana ni kupitisha kitana lakini pia ni kurarua. Nilimhakikishia kwamba paka yu mzima.

Wala hatuwezi kusema kwamba brashi ni mambo ya wageni. Mama yeyote wa Kikipsigis anayetengeneza mursik anaijua sosiot, ule ufito ambao ncha yake hupondwa ikawa nyuzi nyuzi, unaosugulia ndani ya kibuyu kabla ya kupakwa mkaa wa senetwet. Kituo cha biashara cha Sosiot kule Belgut kina jina lile lile. Kibuyu husuguliwa kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba uchafu mdogo utaharibu maziwa ya siku nyingi. Paka anayelala kando ya kibuyu hicho, anayelinda gunia la mahindi lisitobolewe na panya, hapitishiwi hata mkono. Tunamwona kama chombo kinachojiosha chenyewe.

Wanaoishi Ulaya huambiwa kwamba paka hunyonyoka sana majira yanapobadilika, kwa sababu mwili wake husoma urefu wa mchana. Kericho haiko hata nusu digrii kamili kutoka Ikweta. Mchana wetu ni ule ule Januari na Julai, kwa hiyo hatuna msimu wa kusubiri. Kidogo kidogo hutoka mwaka mzima, na kitana ni cha mwaka mzima. Paka wetu wengi ni wa manyoya mafupi, na hao mara moja kwa wiki yatosha. Mwenye manyoya marefu achanwe kila siku au kila baada ya siku moja, hasa nyuma ya masikio, kwapani na mapajani, mahali manyoya yanapofungana mafundo. Paka mzee au mnene asiyeweza tena kujifikia mgongoni aongezewe.

Namna ya kufanya haihitaji duka la mjini. Kitana cha plastiki cha meno yasiyo makali kinafaa. Glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo hukusanya manyoya kuliko unavyodhani. Mngoje paka ashibe na kutulia. Anzia mashavuni na chini ya kidevu, mahali ambapo yeye mwenyewe hupenda kukunwa, kisha fuata mgongo kutoka kichwani kuelekea mkiani, kwa mwelekeo wa manyoya yenyewe, si kinyume. Tumbo liache hadi akuzoee, na akilikataza likubali katazo lake. Dakika tatu za amani ni bora kuliko nusu saa ya vita. Mwishowe mpanguse kwa kitambaa chenye unyevu ili manyoya yaliyolegea yasibaki kwa ajili ya ulimi. Ukiona kipande cha ngozi kisicho na manyoya, cha mviringo na chenye magamba, huenda ni choa, nao huambukiza watoto. Nawa mikono na umwone daktari wa mifugo.

Ukiona vichembe vyeusi vinavyogeuka vyekundu vikilowa maji, hivyo ni kinyesi cha viroboto. Paka mwenye viroboto hujilamba maradufu na kumeza maradufu, kwa hiyo aliyechoshwa na madonge aanze kwa kutafuta viroboto. Lakini hapa naomba nisomwe polepole. Nchi yetu ni ya chai na pia ya ng'ombe wa maziwa, na katika nyumba nyingi kuna chupa ya dawa ya kupe na pampu ya kunyunyizia. Usimnyunyizie paka dawa hiyo. Permethrini na jamii yake, ambazo ng'ombe huzistahimili na mbwa pia, ini la paka haliwezi kuzivunja. Paka hutetemeka, hutokwa na mate, hupatwa na degedege na huweza kufa. Amitrazi nayo ni hatari kwake. Paka wangapi wanaodaiwa kuuawa na jirani waliuawa na pampu ya mwenye nyumba, kwa nia njema? Mimi sitahesabu, lakini swali lenyewe linafaa kuulizwa kabla ya kuitana kwa chifu.

Nia njema nami ninaijua. Miaka kadhaa iliyopita nilimfungua paka wangu kinywa nikamtilia kijiko cha mafuta ya kupikia, kwa kuwa nilisikia kwamba hulainisha donge. Mafuta ya kupikia humeng'enywa kama chakula kabla ya kulainisha chochote, na mengine yaliingia njia ya hewa. Kwa siku mbili paka alikohoa kwa sababu yangu, si kwa sababu ya manyoya. Maziwa nayo, ambayo huku ndiyo dawa ya kila kitu, hayaondoi donge, na paka wengi waliokwisha kukua huharishwa nayo. Zipo dawa za kulainisha ambazo daktari wa mifugo huweza kutoa. Atoe yeye, kwa kipimo chake.

Tusije pia tukahamia kosa la pili, tukaita kila kikohozi donge. Paka anayetoa donge mara moja baada ya wiki kadhaa, kisha akarudi kwenye chakula chake, hana neno. Anayejikokomoa tena na tena bila kutoa kitu, asiyekula siku nzima, asiyepata choo, au mwenye tumbo gumu lililovimba, huenda donge limeshuka likaziba utumbo, na hapo kitana kimechelewa. Ni daktari, pengine na upasuaji. Anayekohoa mara kwa mara pasipo kutapika huenda ana pumu. Na aliyebadilika tabia, anayetokwa na mate, asiyeweza kumeza, anayerukia watu, msimguse kabisa wala msimtie kidole kooni kutafuta donge. Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Serikali ya Kenya ilijiwekea mpango wa 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo, na aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, aende hospitali siku ile ile.

Najua nitaulizwa. Wakulima wa chai wa magharibi mwa Bonde la Ufa wanalalamikia bonasi iliyo ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Mei 2023 mashine za kuchuma chai ziliteketezwa Kericho na vijana walioziona zimewanyang'anya kazi. Na mhadhiri mzima anaandika juu ya manyoya ya paka? Ndiyo. Bonasi ina wasemaji wengi wenye sauti kuliko yangu. Nimeandika juu ya jambo ambalo mwalimu na mwanafunzi wanaweza kulirekebisha leo jioni bila kumwomba mtu ruhusa. Isitoshe, niliuona uwanja ule. Nilizihesabu nyuso. Ilibaki sentensi moja tu mbaya.

Walimu wa mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, mara nyingi huniambia kwamba wanakosa somo la kushikika kwa mikono. Hili hapa. Shule zenye chama cha 4-K, vyama vilivyofufuliwa mwaka 2021, mara nyingi hufuga sungura, na sungura hulamba manyoya kama paka lakini hana uwezo wa kutapika. Kwake kinga kubwa ni nyasi, kwa wingi na kila siku, ili tumbo lisisimame. Kitana huja juu yake. Ndama naye, akikosa majani makavu au akiachishwa mapema, hulambana na wenzake, na wachinjaji wamekuta matumboni mwa ng'ombe madonge ya mviringo na laini kama yaliyochongwa, maana tumbo la ng'ombe huyaviringisha. Hapo Waingereza wangekuwa na haki ya kusema mpira.

Mwanafunzi anaweza kuchana mnyama mmoja kila Ijumaa, akakusanya manyoya katika bahasha, akayapima mwisho wa muhula. Hiyo ni sayansi na hesabu. Anaweza kumwuliza bibi yake lile donge la ndama huitwaje kwa Kikipsigis, kisha akaliandika jina hilo pamoja na kijiji na tarehe. Hiyo ni isimu, na ningefurahi kuliko kusoma tasnifu nyingine juu ya upatanisho wa kisarufi.

Asubuhi ya pili baada ya kisa kile nilimwona mtoto wa mwalimu akivuka uani na kibuyu cha mursik, akaingia kwa mzee bila kubisha. Sikusikia walichozungumza. Tangu hapo, mvua inapoanika kidogo alasiri, paka yule huja mwenyewe na kupanda juu ya aproni kuukuu ya plastiki ambayo mzee alikuwa akiivaa zamani alipokuwa akichuma chai. Mzee humpitishia kitana kilichovunjika meno mawili. Jicho moja liko kwa paka, jingine linahesabu vifaranga.